Simbilisi wa Bibi Tusekile Agoma Kula

Kiwanda cha chai ambako Esnath alifanya kazi kilikuwa na kelele. Mashine zilinguruma tangu zamu inaanza hadi inaisha, na vumbi la chai liliingia puani na kwenye nywele. Akitoka hapo alitaka mambo mawili tu: kuoga, na kukaa mahali pasipo na mtu wa kumwambia kitu. Nyumbani kwake Ikuti la kwanza liliwezekana. La pili lilikuwa gumu.

Aliishi na mumewe, Lwitiko, na mama mkwe wake, bibi Tusekile. Mtoto wao, Prosper, alikuwa akisoma bweni Mbeya. Lwitiko alilima migomba na chai kidogo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda kusaidia. Tatizo lake lilikuwa moja. Alisaidia kwanza, kisha ndipo akauliza.

Bibi Tusekile alifuga simbilisi. Ni wanyama wadogo wasio na mkia, wenye manyoya laini na masikio mafupi. Aliwafuga tangu alipoolewa. Walikaa jikoni kwake, chini ya uchaga wa kuni, na kila asubuhi alishuka bondeni kuwakatia majani. Wakisikia hatua zake mlangoni walipiga miluzi wote kwa pamoja. Mume wake alipofariki, watoto walimtaka ahamie nyumba kubwa ili asiwe peke yake. Aliwajibu kwamba peke yake hayuko, kisha akarudi jikoni.

Mwaka huo goti la bibi likaharibika. Bondeni hakuweza kushuka tena. Lwitiko alimwambia asihangaike. Yeye angeleta pumba za mahindi kutoka mashineni, maana pumba zinashibisha na kuzileta si kazi. Basi simbilisi wakawa wanakula pumba, na ugali uliobaki, na maganda ya ndizi. Leo pumba, kesho pumba. Majani mabichi waliyaona mara chache. Mvua nayo ilinyesha kama inavyonyesha Rungwe, bila kuchoka, na paa la jiko likavuja upande ule wa uchaga.

Simbilisi wakaanza kufa mmoja mmoja. Bibi aliwazika nyuma ya migomba. Wakabaki watatu, Shela na binti zake wawili. Shela alikuwa na kichwa cheupe na mwili wa kahawia, kama bibi harusi aliyevaa shela juu ya gauni lisilo lake. Ndiyo sababu ya jina.

Siku moja mchana Esnath alirudi kutoka zamu ya asubuhi akakuta jiko limejaa watu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, na Shela yuko mapajani mwake, amejikunyata, manyoya yamesimama. Lwitiko alikuwa amechutama mbele yao. Karibu na mlango alisimama jirani yao Geresoni, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kusikia ugonjwa akakosa dawa yake.

Hewa ya jikoni ilinuka dawa ya kuchua. Esnath aliijua harufu ile. Ilikuwa dawa ya goti la bibi.

Aliuliza kuna nini. Wakamweleza wote watatu kwa wakati mmoja. Shela alikuwa hajala tangu jana. Akitembea aliburuta miguu ya nyuma. Akiguswa kwenye viungo alilia. Esnath akatupa jicho mekoni, akaona sahani ya ndizi aliyomwachia mama mkwe wake asubuhi. Imefunikwa vilevile. Haikuguswa.

"Mama, na wewe hujala?"

"Nitakula yeye akila," bibi alisema.

Esnath alivuta pumzi. Alikuwa bado ameshika mwavuli, na maji yalikuwa yakidondoka sakafuni. Akauliza kama kuna mtu aliyempa Shela dawa yoyote.

 Akaanza kuwauliza mmoja mmoja, kama watoto walioiba sukari. Bibi alisema amempaka dawa yake ya kuchua, kwa sababu miguu ya Shela inauma kama ya kwake, na yeye inamsaidia. Geresoni alisema amemnywesha maji ya majani ya parachichi yaliyochemshwa, kijiko kidogo tu, kwa ajili ya kuongeza damu. Lwitiko aliangalia chini. Mwishowe alisema kwamba alikumbuka vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki alipougua kifua. Alikifungua kimoja, akampa Shela unga wake kidogo.

"Ulimpa kabla au baada ya maji ya parachichi?"

"Sikujua kama kuna maji ya parachichi," Lwitiko alisema.

"Na mimi sikujua kama kuna vidonge," Geresoni alisema.

"Mgonjwa mmoja ana waganga watatu," Esnath alisema, "na hakuna anayejua mwenzake amefanya nini."

Hakuoga. Alichukua simu akampigia Anyitike, afisa mifugo wa kata, ambaye namba yake alikuwa nayo tangu chanjo ya kuku. Alitegemea kuambiwa kwamba simbilisi si ng'ombe. Lakini Anyitike aliuliza swali moja tu: mnyama hajala tangu lini. Aliposikia, alisema anakuja.

Alifika na pikipiki, koti la mvua limemganda mwilini, na uso wake si wa furaha. Alinawa mikono kwanza. Kisha alimchukua Shela kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, akamweka juu ya taulo. Alimtazama macho, pua, meno na fizi. Alibonyeza tumbo polepole. Alipogusa magoti ya nyuma, Shela alilia, na bibi akafumba macho.

Akataka kuona kinyesi chake. Lwitiko alisema amekwisha kufagia. Anyitike akamwambia kwamba hapo amefagia taarifa muhimu kuliko zote. Bibi akanyoosha kidole kwenye kona ya kikapu. Kulikuwa na vipande vichache, vidogo, vikavu.

Akauliza wanyama hawa wanakula nini. Lwitiko akamwambia habari za pumba, na za wale waliokufa. Anyitike akatikisa kichwa.

"Simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini mwake," alisema. "Sisi binadamu pia hatuwezi. Lazima aipate kwenye chakula, tena kila siku, kwenye majani mabichi. Akiikosa, viungo vinavimba, fizi zinatoa damu, manyoya yanasimama. Anashindwa kutembea. Halafu kwa maumivu anaacha kula. Pumba na ugali havina vitamini hiyo. Nadhani hata wale waliokufa, hiki ndicho kilichowaua."

Lwitiko aligeuka akatazama nje, kwenye migomba walikozikwa wale wengine.

"Sasa kuna hatari ya pili, na hiyo ndiyo inayoua haraka," Anyitike aliendelea. "Tumbo la simbilisi halitakiwi kusimama. Anakula kidogo kidogo mchana kutwa. Akikosa kula tangu asubuhi mpaka jioni, hiyo ni dharura. Usisubiri uone kesho itakuwaje."

Kisha akataka kujua wamempa dawa gani. Esnath ndiye aliyemweleza, maana wengine walikuwa wakitazamana. Anyitike alisikiliza hadi mwisho. Alimgeukia Lwitiko.

"Umempa kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Lwitiko alionyesha ncha ya kidole. Bibi aliongeza kwamba Shela alitema sehemu kubwa. Anyitike akasema hilo ni jambo jema kuliko yote aliyoyasikia tangu aingie. Alieleza kwamba tumboni mwa simbilisi kuna vijidudu vizuri vinavyosaidia kusaga majani. Dawa za aina ile zinaviua. Mnyama anaharisha, anakufa, na wenyewe wanadhani amekufa kwa ugonjwa, kumbe wamemuua kwa dawa. Majani ya parachichi ni sumu kwa simbilisi, mabichi au yaliyochemshwa, na hata tunda lake wasimpe. Na dawa ya kuchua anailamba.

"Kila mnachompaka, mnamlisha," alisema.

Geresoni alikohoa, akasema ameacha ng'ombe nje, akaondoka.

Bibi Tusekile ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine walikuwa wakilikwepa. Aliuliza kama Shela atapona.

"Sijui, bibi," Anyitike alisema. "Siwezi kukudanganya. Akila, ana nafasi. Asipokula, hana. Na sasa hivi hawezi kula mwenyewe. Kwa hiyo mtamlisha nyinyi."

Akawaonyesha kazi. Kwanza waliisafisha ile dawa ya kuchua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, wakamkausha papo hapo, maana simbilisi mgonjwa akibaki na unyevu baridi inamwingia kifuani. Wakamtengenezea boksi la mbao lenye nyasi kavu, nene, wakaliweka mbali na pale panapovuja. Liwe karibu na joto la meko, alisema, lakini si kwenye moshi. Binti zake wawili aliwaweka kwenye boksi la pili, ubavuni kabisa, wenzake wawe karibu naye bila kumkanyaga.

Chakula kilikuwa majani makavu yaliyotwangwa yakawa unga, pamoja na pumba kidogo, vikalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu vikawa uji laini. Anyitike alitoa kwenye mkoba wake bomba la sindano lisilo na sindano. Alimkalisha Shela kwa miguu yake, si chali. Alipitisha ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, akasukuma kidogo. Akangoja. Taya za Shela zilitikisika. Akameza. Akasukuma tena kidogo, akangoja tena.

"Ukisukuma mengi, uji utaingia kwenye mapafu," alisema. "Usiwe na haraka. Kidogo, kisha ngoja ameze. Halafu baada ya muda unarudia. Mchana kutwa hivyo hivyo."

Alisaga kidonge cha vitamini C, akapima mwenyewe kiasi cha kumpa kila siku kufuatana na uzito wake, akawaonyesha jinsi ya kukichanganya na maji kidogo na kumpa kwa bomba. Aliwakataza kukitia kwenye bakuli la kunywea, kwa sababu vitamini hiyo inaharibika upesi ikiwekwa majini. Wenzake wawili wapewe majani mabichi leo leo, na kipande cha pera au cha pilipili hoho, kabla na wao hawajaanguka. Shela naye awekewe majani mororo mbele yake muda wote, hata kama hayagusi.

Kisha akauliza nani atakuwa mlishaji. Lwitiko na bibi wakamgeukia Esnath.

"Msinitazame mimi," Esnath alisema. "Mimi asubuhi niko kiwandani. Nikirudi napika, nafua, nafuta maji yanayovuja. Simbilisi ni wa mama. Mama yuko hapa siku nzima, amekaa, na mapaja anayo."

Bibi alisema kwamba mikono yake inatetemeka. Anyitike akamjibu kwamba mikono inayotetemeka haina neno, mradi haina haraka. Kisha akaweka sharti moja. Mlishaji awe mmoja. Mtu mwingine yeyote asimpe mgonjwa kitu bila kumwambia mlishaji. Hata jani moja.

"Mmesikia," Esnath alisema. "Hata jani."

Bibi alianza vibaya. Alisukuma bomba kwa nguvu, Shela akakohoa, uji ukamtoka puani. Bibi aliliweka bomba chini, akasema hawezi, wamwache mnyama afe kwa amani. Esnath alimfuta Shela pua, akamrudishia bibi bomba mkononi. Ulimi wake ulikuwa na maneno, ila aliyameza. Bibi akajaribu tena. Mara hii alisukuma kidogo sana, akangoja sana. Shela akameza.

Kesho yake Esnath alirudi kutoka kazini akakuta mambo yameharibika upya. Shela alikuwa amelala upande, tumbo limejaa na gumu kama mpira. Bibi alikuwa akitazama ukuta. Esnath hakuuliza nani. Aliuliza nini. Lwitiko alisema amewaletea majani mazuri sana, gunia zima, aliyakata mapema wakati mvua inanyesha. Esnath alitia mkono ndani ya gunia. Majani yalikuwa yameloa, na katikati yalikuwa ya moto kama yamepikwa.

"Mimi nilijua wanataka majani," Lwitiko alisema.

"Na mlishaji ulimwambia?"

Hakuwa amemwambia. Shela alikuwa amejaribu kula mwenyewe kwa mara ya kwanza, na alichokula ni yale.

Kwenye simu Anyitike alisema kwamba hapo wasijaribu kitu nyumbani. Majani yaliyolundikwa yakapata moto yanajaza gesi, na tumbo gumu namna ile ni kazi ya daktari wa mifugo, mara moja. Lwitiko akalifunga boksi ndani ya koti lake, akapanda bodaboda, akaenda nalo Tukuyu mjini. Esnath alimsikia kwa mbali akimwambia dereva aendeshe polepole kwenye mashimo.

Jikoni wakabaki wawili. Esnath alimenya ndizi, akazipika na maharage, akapakua. Aliweka sahani mbele ya mama mkwe wake. Bibi akaisogeza pembeni. Alisema chakula hakipiti. Alisema wote wamekwisha, alianza mzee, wakafuata simbilisi, na sasa huyu, na yeye angoje nini.

Esnath alikaa chini sakafuni. Bado alikuwa na vumbi la chai kwenye nyusi. Miguu ilimuuma, na hasira ilikuwa imemfika shingoni.

"Mama," alisema, "tangu jana nina wagonjwa wawili waliogoma kula. Mmoja amekwenda kwa daktari. Wewe nikupeleke wapi? Mimi sina bomba la kukulishia wewe. Na akirudi yule mzima, wewe ukiwa umeanguka, atalishwa na nani? Na Lwitiko?"

Bibi alimtazama mkamwana wake. Kisha kitu kikamtikisa mabega. Esnath alidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo, kikavu, cha mtu aliyekisahau.

"Na Lwitiko," bibi alisema. "Mungu wetu Kyala atuepushe."

Akaivuta sahani. Alikula ndizi moja, akangoja, akala ya pili. Esnath hakumsemesha. Aliogopa akisema neno ataacha.

Lwitiko alirudi jua likiwa bado lipo. Daktari alikuwa amempa Shela dawa ya gesi na ya maumivu, kwa kipimo chake, na akasema walimfikisha kwa wakati. Lwitiko alimkabidhi mama yake boksi, halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama anaruhusiwa kumtandikia nyasi kavu. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza kabla ya kufanya. Esnath aliingia ndani akaoga.

Kuanzia hapo kazi ikawa na mpango. Lwitiko alikata majani mvua ikikatika, akayatandaza barazani yapoe na kukauka maji, akayachagua yasiwe na majani ya viazi wala ya nyanya. Bibi alilisha. Kila asubuhi alimpima Shela kwa mizani waliyoazima dukani, kwa sababu Anyitike alisema macho hudanganya lakini uzito unasema mapema. Alichunguza kinyesi kila mara, na kikiongezeka alimwita Esnath aje aone, hata kama Esnath ndiyo kwanza anavua viatu. Esnath alienda kuona. Alisema ndiyo, mama, kimeongezeka. Alikuwa amechoka, na alienda.

Siku chache zilikuwa mbaya. Kulikuwa na asubuhi ambapo Shela alikataa hata uji, na bibi akakaa naye hadi mchana akimpa matone. Halafu siku moja, bomba likiwa njiani, Shela aligeuza kichwa, akalisukuma kwa pua, akavuta jani la nyasi kutoka kwenye paja la bibi. Akalitafuna lote. Akavuta lingine. Uvimbe wa magoti ulichukua muda zaidi kwisha, na mguu mmoja ulibaki mzito kidogo, lakini alitembea.

Hapakuwa na kifo tena. Lwitiko aliziba paa, akatengeneza kichanja cha mbao ili simbilisi wasilale kwenye sakafu yenye unyevu. Nyuma ya jiko, hatua chache kutoka mlangoni, akapanda nyasi za malisho na mistari ya pilipili hoho, mama yake akate mwenyewe bila kushuka bondeni. Vidonge vilivyobaki alivirudisha duka la dawa. Geresoni bado alikuja na dawa zake, lakini sasa alisimama mlangoni akauliza kwanza, na mara nyingi alijibiwa hapana.

Baada ya mavuno Anyitike alileta wanawake wanne kutoka Kisiba ambao simbilisi wao walikuwa wakifa. Alitaka wajifunze kulisha mgonjwa. Esnath alirudi kutoka kazini akawakuta jikoni wamekaa kwenye mikeka, na katikati yao bibi Tusekile, simbilisi mapajani, bomba mkononi, akifundisha. Anyitike alikuwa amefungua mdomo mara mbili kutaka kuongeza kitu, na mara mbili bibi alimwambia asubiri, mwanangu, nafika huko.

Esnath alikuwa na njaa. Alifunua sufuria ya ndizi aliyoiacha asubuhi ikiwa imejaa. Ilikuwa tupu, imekwanguliwa hadi chini.

"Tumekula," bibi alisema bila kugeuka. "Mimi nimekula mara mbili. Zilikuwa na chumvi kidogo, mama Prosper. Kesho ongeza."

Esnath aliiangalia sufuria. Aliwaangalia wageni. Kisha akachukua kisu, akavuta mkungu wa ndizi, akaanza kumenya upya.